Dakika Ishirini

Vibao vya hifadhi vilisema mwendo wa kufika kwenye maporomoko ni dakika ishirini. Kilewo ndiye aliyeviandika, enzi zake za kupandisha mizigo ya wageni kileleni.

"Watu wanatumia saa nzima, wanalalamika," bosi wake alimwambia, akimpa kopo la rangi na brashi. "Kavirekebishe. Anza na cha juu."

"Hao si watu, ni magunia," alijibu Kilewo. "Njia ya kutembeza bibi harusi ile! Naipima kwa saa, nikirudi utaniomba radhi."

Langoni alimkuta mwanamke mnene mwenye kandambili, akinunua hindi la kuchoma. Akamtazama miguu, akasonya.

"Na huyu naye anapanda mlima!"

Dakika ya ishirini ilimkuta kwenye kona ya pili tu, ameegemea mti, goti linamuuma. Nyuma yake kandambili zikasikika zikija bila haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu akihema. "Utachoka wewe. Huku si sokoni."

"Kweli, pana kilima kidogo," alisema yule mwanamke, akitafuna hindi lake. "Lete hilo kopo nikusaidie."

Kilewo, aliyewahi kubeba mizigo ya watu mpaka kwenye theluji, alifungua mdomo amtukane. Pumzi haikutosha. Mkono wake ukanyooka wenyewe.

Akabaki na brashi, akilitazama kopo likipanda mbele yake, likining'inia kwenye kidole kimoja, mpaka likapotea konani.