Shule ya Siku Tano

Alikula chakula cha jioni akiwa amevaa helmeti. Kijiko kilipita chini ya kioo kwa taabu, mchuzi ukamtiririkia shingoni, na mtoto wake wa miezi kumi akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

"Nazoea joto lake," alisema kutoka humo ndani, sauti kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

Alikuwa karani wa bima ya magari, mwaka wa tisa sasa akijaza fomu za ajali za watu wengine. Alijipachika jina la Risasi, ingawa hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa yeye mwenyewe, akipokea simu. Mwezi huu alikuwa amepania. Kabla haujaisha, lazima cheti cha udereva wa mashindano kining'inie ukutani juu ya meza yake, maana jirani yake wa ofisini alikuwa ametundika medali ya kuogelea na kila mteja aliyeingia aliulizia hiyo tu.

Mezani palikuwa na karatasi tatu za shule tatu: ya siku tatu, ya siku tano na ya siku saba. Wiki mbili nyumba nzima ililala na kuamka na karatasi hizo. Ya siku saba aliiweka kando, kwa kuwa mkuu wake alimpa likizo ya siku tano na hakutaka kusikia zaidi. Moyo wake ulikuwa kwenye ile ya siku tatu. Wanafunzi wake walipigwa picha wakirushiana soda yenye povu.

Mkewe, huku akimlisha mtoto, aliuliza kwa upole kama huko wanaendesha magari ya shule au kila mtu huenda na lake.

Risasi akamhurumia. Alimweleza taratibu kwamba gari la mashindano ni mnyama mwingine kabisa. Hili lao jekundu lingebaki nyumbani chini ya turubai lake. Mkewe alikuwa muuguzi, hodari wa sindano na vidonge, lakini magari! Mwezi uliopita zahanati yake ilitangaza nafasi ya muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, mwenye leseni ya udereva, mshahara wa kueleweka. Akaja kumwomba amfundishe kwa gari jekundu. Risasi alimjibu kuwa gari si sufuria. Tangu siku hiyo mkewe hakuligusia tena, na Risasi alilichukulia hilo kuwa ni kukua kiakili.

"Na simu?" mkewe aliuliza. "Wanawaachia?"

"Zinafungiwa kabatini mpaka siku ya mwisho. Dereva hatakiwi kuvurugwa."

"Afadhali," mkewe akasema, akampangusa mtoto kidevu.

Mama yake Risasi alikuwa pembeni akimshonea kifungo cha shati. Hakuinua macho. "Mwanangu, siku tatu ni za mtu anayepita njia. Utarudi na cheti cha siku tatu, watu wakucheke."

"Nani wa kunicheka, mama?"

"Yule wa kuogelea."

Helmeti ikainamia tena zile karatasi.

"Ongeza mbili tu, baba," mkewe akamsaidia. "Jumatatu mpaka Ijumaa jioni, mambo yamekwisha. Mtu kama wewe huwezi kufanya vitu nusunusu."

Maneno hayo yalimwingia. Risasi aliangalia kalenda ya jikoni. Ijumaa yenyewe ilikuwa imezungushiwa duara la wino mwekundu. Chanjo ya mtoto, alijisemea, na akatia saini fomu ya siku tano.

Jumapili alilifunga turubai kwa mafundo manne. Ufunguo alimkabidhi mama yake, makusudi kabisa, mkewe akiona. Katika nyumba ile mama yake ndiye mtu pekee ambaye Risasi alimwamini.

"Asiuguse mtu, mama."

"Mwanangu, si unanijua?" Akautia pochini, akavuta zipu.

Shuleni, siku ya kwanza, Risasi alizimikiwa na gari mara kumi na moja. Siku ya pili alivamia ukuta wa matairi, tena kinyumenyume. Kuanzia siku ya tatu mwalimu alikaa ubavuni mwake, mguu juu ya breki ya ziada, akipiga miayo. Ijumaa mchana walimpa cheti. Kiliandikwa, kwa herufi nzuri za dhahabu, kwamba alihudhuria.

Basi lilimshusha stendi saa kumi na moja kama alivyokuwa amewaambia nyumbani. Alisimama na begi lake, helmeti kwapani, akipiga hesabu ya fremu gani ingeweza kulifunika neno "alihudhuria" lisionekane. Ndipo likatokea gari dogo jekundu. Lilimpita, likasimama, likarudi nyuma bila haraka na kujipenyeza katikati ya malori mawili kwa mkupuo mmoja, bila kugusa hata kivuli. Risasi alijikuta akitikisa kichwa kwa heshima. Huyo sasa ndiye dereva.

Kisha akasoma namba za gari.

Nyuma ya usukani alikuwa mkewe, bado na sare yake ya kazi, na juu ya dashibodi kulikuwa na kadi mpya ya leseni yenye picha yake na tarehe ya Ijumaa hiyo hiyo. Kioo cha upande wa abiria kikashuka. Mama yake akachungulia nje.

"Panda nyuma na mtoto, mwanangu, na ufunge mkanda," alisema. "Halafu ile karatasi ya siku saba, hukuitupa? Mimi kichwa changu kizito kidogo, mwalimu wa mkeo anasema tano hazitanitosha."