Oili Nzito Kuliko Zote

"Nipe nzito kuliko zote, fundi. Iteremke kama gundi."

Fundi alimtazama msemaji kuanzia kola mpaka viatu. Shati lilikuwa limenyooshwa hadi mistari ya mikono ingeweza kukata mkate. Nyuma yake lilisimama lori jeupe lenye mlango mmoja wa kijani, injini ikiwaka, na ndani yake kitu kikigonga, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Bwana Pasi," fundi alisema, maana jina lilikuwa limeshapatikana, "unataka kumwaga oili au kuziba pancha?"

"Kazi yako kumwaga, si kuhoji."

Mafundi wenzake waliacha spana zao wakasogea. Walijua kinachofuata. Fundi hakuwa na subira na wajinga, na wala hakuwahi kuwaficha.

Mdomo huo ulikuwa umeshamponza. Yeye na mkewe waliuza kiwanja chao ili wanunue lori, yeye aache kulala chini ya magari ya watu, wabebe mchanga na tofali kwa jina lao wenyewe. Mara mbili walipata lori zuri, na mara zote mbili fundi alimkashifu muuzaji mpaka mtu akagoma kuuza. Tangu hapo mkewe alimpiga marufuku.

"Wewe kaa gerejini kwako, baba watoto," alimwambia. "Lori nitatafuta mwenyewe. Kiwanja kilikuwa kimoja tu. Tukikosea hapa, wewe utazeekea chini ya magari na mimi nitazeekea kwenye nyumba ya kupanga."

Fundi alikubali, kwa kununa.

"Zima hilo dubwana," alimwambia Bwana Pasi. "Nikufundishe bure, maana shule naona ulikwenda kusinzia. Injini hii ya dizeli inataka oili ya namba kumi na tano arobaini. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, oili hiyo inakimbia kufika juu. Injini ikichemka, bado inabaki na unene wake. Hiyo gundi yako itapanda kwa madaha kama bibi harusi, na huku juu chuma kinasaga chuma."

"Wazee walitumia nzito."

"Wazee walitia na mkojo kwenye rejeta. Nikutilie?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Bwana Pasi naye akacheka. Fundi aliona ndivyo wajinga walivyo, hata tusi hawalitambui.

"Na kinachogonga hapo hakiponi kwa oili," aliendelea. "Beringi za krenki zimekwisha. Injini hii inafunguliwa."

"Sifungui kitu. Weka namba hamsini, ile nzito, uchanganye na ya gia kidogo."

"Ya gia! Kwenye injini!" Fundi aligeuka kuwatazama wenzake, kama anayetaka mashahidi. "Hivi nani kakuelekeza hapa?"

"Mama mmoja. Kasema kwa mambo ya oili nije kwako tu, nisijaribu kwingine."

"Basi huyo mama ana akili. Kosa lake ni kuzitumia kwa mtu kama wewe."

Wakacheka tena. Fundi aliingia chini ya lori, akafungua nati, oili kuukuu ikachuruzika kwenye beseni, nyeusi, na vumbi la chuma likimetameta ndani yake. Alichovya kidole, akalisugua vumbi hilo, akatikisa kichwa. Alipotoka, mpiga rangi alimvuta pembeni.

"Mkatalie, kaka. Lori linakufa hili, na wewe umeliona."

Fundi alishika dumu la namba hamsini, akasita kidogo. Kukataa kungekuwa rahisi. Lakini alimwona Bwana Pasi akifuta vumbi kwenye kiatu kwa kitambaa cheupe, na roho ikamkataa.

"Likifa, linamfia nani? Mimi?" alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Mtu mzima kaomba sumu kwa mdomo wake mwenyewe, wewe unamfichia kijiko?"

Akamwaga. Oili ikateremka polepole, nene, bila haraka, na ile ya gia ikafuata na harufu yake mbaya. Lori lilipowashwa, lilikoroma, likajikunja, kisha likatulia. Ko, ko, ko haikusikika tena.

"Umesikia, fundi?"

"Nimesikia. Mgonjwa kazibwa mdomo. Hufiki nalo mbali, nakuambia."

"Likinifikisha jioni, linatosha," alisema Bwana Pasi, akapanda, akaondoka.

"Linatosha!" Fundi alicheka mpaka akakohoa. Siku nzima alikuwa anamwigiza, kwa wauza spea, kwa madereva waliokuja kujaza upepo, hata kwa mteja aliyekuja kuulizia betri tu. Jioni alirudi nyumbani akiwa bado anaipanga hadithi vizuri, ili mkewe acheke mahali panapotakiwa.

Alipokata kona, alisikia honi. Mbele ya nyumba yake lilikuwa limeegeshwa lori jeupe lenye mlango wa kijani. Mkewe alikuwa juu, kwenye kiti cha dereva, na watoto wamejazana pembeni yake wakipiga makofi. Injini ilikuwa inawaka, imeshapata moto, na kwa mbali ndani yake kitu kilianza kugonga.

"Usininunie, baba watoto!" mkewe aliita, uso wote furaha. "Ningekuita ulikague, ungemtukana yule kaka kama wale wengine. Kwa hiyo nilimwambia nanunua, ila kwanza akamwage oili kwako. Nikasema moyoni, kama ni bovu, mume wangu hawezi kuliachia litoke gerejini. Lilipotoka, nikalipa."