Hodhi la Kwangu

Nilikuwa ndani ya maji ya moto hadi shingoni binti yangu alipogonga mlango wa bafu.

"Mama, kumeharibika nini huko? Umekaa mno!"

Sikumshangaa. Mimi ni fundi bomba. Nikikawia bafuni, ujue kuna kitu kinavuja. Mahodhi ya kuogea nimewafungia watu mpaka basi, na maji yake nimeyaonja kwa kiwiko tu, kupima joto. Hili nimelifunga kwangu, kwa mikono yangu.

Nikaitazama mikono hiyo. Vidole vimekunjamana, na ile grisi ya kuchani iliyokataa kila sabuni imeng'oka yenyewe.

"Hakujaharibika kitu, mwanangu."

"Basi kuna mteja kwenye simu, anamtaka fundi sasa hivi. Nimwambieje?"

Kwa kidole gumba cha mguu, nikafungulia tena maji ya moto.

"Mwambie fundi anaoga."