Mwiba wa Kwanza wa Nungunungu

Mwaka ule ndui ilipoingia mwituni, Nungunungu alichovya miiba yake kwenye dawa ya chanjo, wanyama wakapanga foleni. Simba akajipenyeza mbele.

"Anza na mimi. Ndimi mfalme."

"Jana ulimgusa nani?" Nungunungu akauliza, maana alitaka kujua ugonjwa unapitia wapi.

"Nimguse nani? Wote hunikimbia!"

"Basi rudi nyuma, Mzee."

Kobe naye alikuwa ameshinda ndani ya gamba lake. Fisi, mzika maiti, akajibu, "Niligusa watatu. Na wewe, Daktari?"

Nungunungu akaitazama foleni. Asubuhi ile alikuwa ameshika kila paji la uso, akipima homa. Akachukua mwiba wa kwanza, lakini mikono yake mifupi haikufika begani mwake mwenyewe.

"Mzee," akamwita Simba kule nyuma, "hebu njoo mbele, unichome."