Warushaji wa Jumatatu

Norbert alipiga meza ya chumba cha chai kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Ameniondolea mrushaji wangu Calloway tena!"

Jaspal, fundi wa mashine aliyezaliwa Kisumu na kufanya kazi naye miaka tisa katika kiwanda kile cha vyuma cha mtaa wa Aston, huko kwa Waingereza, aliwahi kuinua kikombe chake kabla hakijamwagika. Hakuuliza nani. Kila Jumatatu alikuwa yuleyule: Héritier, mdogo wake Norbert, aliyehamia Ohio, Amerika.

Ndugu hao wawili walikuwa na timu moja ya besiboli, timu ya kwenye simu. Wachezaji ni watu wa kweli na mechi zao ni za kweli, lakini timu unaiunda mwenyewe, na kila wiki unachagua warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, watakaokuanzishia mechi. Mrushaji wako akitamba uwanjani, unapata pointi. Akipigwapigwa, unaaibika wewe. Héritier ndiye aliyeupenda mchezo huo kwanza, huko Ohio. Merveille, binti wa Norbert, ndiye aliyewaingiza wote wawili kwenye timu, kila mmoja kwa jina lake, wote mameneja. Enzi hizo walipigiana simu kila Jumapili baada ya ibada na kubishana juu ya warushaji mpaka chakula kikapoa mezani.

Kisha mama yao akafariki kwao, Uvira. Hati za safari za Norbert zilichelewa. Héritier alitangulia kufika, akakubaliana na wajomba, wakamzika.

"Siku tatu!" Norbert alimfokea kwenye simu. "Umeshindwa kunisubiri siku tatu tu? Basi mimi sina mdogo."

Tangu hapo ulipita mwaka na miezi miwili. Hakuna aliyempigia mwenzake.

Ila timu ilibaki. Jumapili Norbert alipanga warushaji wake. Jumatatu akifungua simu wakati wa chai, anakuta maandishi yaleyale: Héritier amemtoa huyu, amemwingiza yule.

"Imeandikwa saa tatu asubuhi," Jaspal alisema, akichungulia simu ya mwenzake. "Kwao si ni saa kumi ya usiku? Huyu ndugu yako halali?"

"Roho mbaya haimpi usingizi."

"Na mbona kila anayemweka anashinda? Mtu akikuchukia si angekuwekea wabovu?"

"Anataka kunionyesha kwamba sijui kitu!" Norbert alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Alimzika mama kama vile mimi sipo duniani. Sasa na timu anaiendesha kama vile sipo."

Alimrudisha Calloway, akibonyeza kioo kwa kidole gumba kana kwamba anaua mdudu, akarudi kwenye mashine bila kumaliza chai.

Nyumbani kwake Ladywood, ghorofa ya tisa, walishamzoea. Siku nyingine zote za wiki Norbert alikula kimya na kulala kimya. Alikuwa hivyo tangu msiba. Jumatatu ndiyo siku pekee sauti yake ilisikika, na ndiyo siku pekee jina la Héritier lilitajwa ndani ya nyumba hiyo. Denise, mkewe, aliwahi kusema kwamba afadhali makelele kuliko ule ukimya.

Jioni hiyo alivua buti mlangoni, akakaa kwenye kochi na kufungua simu. Calloway alikuwa ametolewa mara ya pili. Mahali pake alikaa Ibarra, yuleyule wa asubuhi.

Hakupiga kelele safari hii. Alianza kuandika ujumbe, polepole, neno kwa neno: *Leo najitoa kwenye timu. Chukua yote. Na namba yangu ifute, usinitafute hata nikifa.*

"Usitume, Papa."

Merveille alikuwa amesimama nyuma ya kochi, akisoma. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na siku hizi alikuwa amemzidi baba yake urefu.

"Ondoka hapo."

"Please. Usimwandikie. Mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Hayo hayo. Mtukane kama unataka. Lakini mpigie, asikie sauti yako."

Norbert aliitazama namba ya mdogo wake. Vizuri. Atamtukana. Atamwambia yote, moja baada ya jingine, kisha atakata na mambo yataisha. Alibonyeza.

Simu ilipokewa kabla haijaita mara ya pili.

"Kaka?"

"Usiniite kaka! Ulimzika mama bila mimi, nikanyamaza. Udongo sikumtupia, nikanyamaza! Sasa hata mrushaji mmoja huniachii? Ibarra, Ibarra, namtoa unamrudisha! Mimi mkubwa wako, sina haki ya kuchagua hata mtu wa kurusha mpira?"

Aliishiwa pumzi. Upande wa pili alisikia mtu anavuta kamasi, kama mtu anayelia na hataki kusikika.

"Kaka," Héritier alisema, "Ibarra ni nani?"

"Usinichezee, Héritier."

"Sikuchezei. Ile timu sijaigusa tangu siku tuliyogombana. Neno la siri nilimpa Merveille, nikamwambia alifute jina langu."

Norbert aligeuka. Binti yake hakuwa amesogea, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni mimi niliyekuwa nawabadilisha, ili usiache kumtaja," alisema. "Usikate, Papa."