Kinacholia Garini

Kile kidude cha kunusa gesi kililia tena, na Shemsa akatoka mbio na mtoto kifuani. Gari lenyewe, lenye jiko na kitanda ndani, lilikuwa limefungiwa bandani tangu masika. Usiku huu walale humo, alfajiri wahame nalo.

"Mtungi nimeshautoa, madirisha wazi," alisema Mbwana, mumewe. "Sasa kinalilia nini?"

"Mimi mwanangu simlazi humo mpaka kinyamaze."

Mama mkwe, aliyewanunia wiki nzima kwa ajili ya uhamisho huo, alikuwa kibarazani akichagua mchele. "Hata gari lenyewe halitaki mwende," akasema.

Shemsa akamkabidhi Mbwana mtoto, akarudi ndani, akapiga magoti. Kulikuwa na harufu, lakini si ya gesi. Akavuta blanketi chini ya kitanda. Beseni la rojo la vitumbua! Limeumuka, limesukuma sinia iliyolifunika, linatoa povu.

Akalitoa nje, kidude kikanyamaza. Akalirudisha makusudi, kikalia. Kumbe hakijui kutofautisha gesi na chachu. Akalitoa tena, akaenda nalo hadi kibarazani.

"Mama, ni wewe?"

"Humo ndimo mwenye joto." Mama mkwe hakuinua macho. "Njiani mngekula nini?"

"Na huko tuendako, nani atatuchomea?"

Shemsa akabaki na beseni mikononi, povu likimchuruzika vidoleni. Mama mkwe akaweka ungo chini, akajikongoja hadi kwenye ngazi ya gari, akavua ndala moja, akaingiza mguu ndani.