Salamu ya Ukuta

Kila asubuhi ukuta huhesabu wanaopumua ndani ya nyumba, kisha huwasalimu. Wakiwa wawili husema, "Hamjambo?" Akiwa mmoja husema, "Hujambo?" na kabla ya jioni gari huja kumchukua mpweke huyo, likampeleka bwenini.

Tangu azikwe mumewe, mtu wa pili nyumbani kwa Bi Saumu alikuwa Shaibu, mjusi wake mwenye ndevu za miiba. Siku ya nane hii Shaibu alikuwa hajapata choo. Kosa lilikuwa la Bi Saumu: alimtandikia mchanga ili asijione mgeni, naye akaula.

"Mweke kwenye maji ya vuguvugu, mama," daktari wa wanyama alimwambia kwa simu. "Mkande tumbo taratibu, kuelekea mkiani."

Alimkanda ndani ya beseni tangu alfajiri. Hatimaye mchanga ukatoka, donge gumu kama kokwa. Bi Saumu akacheka peke yake.

"Umeona, mzee wangu?"

Tumbo likashuka chini ya kidole chake. Halikupanda tena.

"Hujambo?" ukuta ukauliza.

"Hatujambo," akajibu, akaendelea kukanda.